Hesabu Inayosafiri: Habari za Usugu wa Vimelea katika Nyanda za Juu Kusini

Katika masika ya mwaka 2019 mama yangu, mkazi wa Kihesa mjini Iringa, alishikwa na homa na maumivu ya kiuno. Kama ilivyo desturi ya watu wengi wa umri wake, hakutangulia hospitali. Alimtuma mjukuu dukani, akaletewa vidonge vya rangi mbili, akavimeza siku tatu, akapata nafuu, akaacha. Baada ya juma moja homa ilirudi. Vidonge vikanunuliwa tena, safari hii vya jina jingine. Nafuu ikaja, nafuu ikaondoka. Mara ya tatu haikuja kabisa. Mdogo wangu, ambaye hufanya kazi Mbeya, alikuja kumchukua, wakashika njia ya Mafinga na Makambako, nami nikawafuata siku ya pili.

Huko mkojo wake ulichukuliwa ukapandwa katika maabara, kama mkulima apandavyo mbegu kitaluni ili aione inavyoota, na siku ya nne majibu yakatoka. Yalikuwa katika karatasi ndogo yenye majina ya dawa tisa, na mbele ya kila jina herufi moja. Herufi R ilikuwa na maana kwamba bakteria waliomshambulia mama hawakuijali dawa hiyo. Herufi S, kwamba dawa hiyo ilikuwa ingali na nguvu juu yao. Nilihesabu R saba na S mbili. Daktari alibadili dawa jioni ile ile, na baada ya siku tano mama alikuwa akiuliza habari za kuku wake.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumshukuru kijana wa maabara, nikamwuliza karatasi kama zile huishia wapi. "Mwalimu," akanijibu, "moja huenda kwa daktari. Sisi huyaingiza majibu katika kompyuta bila jina la mgonjwa. Hesabu zikikusanywa hupelekwa wizarani Dodoma, na wizara huipeleka jumla yake Geneva." Nikauliza tena: "Na muuza duka wa Kihesa, yeye huambiwa na nani?" Kijana alitabasamu kwa adabu, akarudi katika darubini yake. Mama aliposimuliwa mazungumzo hayo njiani alicheka, akasema, "Kumbe mkojo wangu umefika nisikofika."

Swali lile halikunitoka moyoni. Mimi si tabibu; kazi yangu ni lugha. Lakini mambo haya yana historia, na historia hiyo kwa sehemu kubwa ni yetu, kwa kuwa Tanzania, na Mbeya hasa, imeshiriki tangu zamani katika kazi ya kuwahesabia walimwengu vimelea vilivyoshinda dawa. Katika makala haya nataka kuionyesha safari ya hesabu hiyo: namna ilivyotoka kwetu, lini ilirudi na faida, na lini ilichelewa au haikurudi kabisa. Maana naamini kwamba thamani ya hesabu ya namna hii haipimwi kwa umbali iliokwenda, bali kwa kurudi kwake hadi mlangoni pa yule aliyetolewa damu, makohozi au mkojo.

Tuanze na neno lenyewe. Wizara ya Afya huliita jambo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sugu, kama kila mtu ajuavyo, ni ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima, iliyofanywa na mpini wa jembe, au alama ya paji la uso wa mtu wa sala nyingi. Neno hili ni zuri, lakini lina mtego. Kwa kuwa sugu ni ya mwili wa mtu, wengi husema kwamba mwili wa mgonjwa umeizoea dawa. Sivyo. Mwili haukuzoea kitu. Kilichobadilika ni kimelea. Katika mamilioni ya bakteria mna wachache ambao kwa maumbile yao hustahimili dawa. Dawa ikija kwa kiasi kisichotosha, wanyonge hufa, wale wachache hubaki, huzaana, na hata huazimana silaha zao na bakteria wa jamii nyingine. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kama usugu ungalikuwa wa mwili, ungalikufa pamoja na mwenye mwili. Kwa kuwa ni wa kimelea, hutoka kwa mama wa Kihesa ukaenda kwa jirani yake ambaye hakumeza kidonge hata kimoja. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa mgonjwa na daktari wake peke yao, na ndiyo sababu mataifa yameona haja ya kuhesabu kwa pamoja.

Onyo halikuchelewa kutolewa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alisema mjini Stockholm katika hotuba yake ya tuzo ya Nobel, Desemba 1945, kwamba mtu asiyejua aweza kujipa dawa pungufu, na kwa kuviacha vimelea hai akavizoeza kuishinda. Miaka mitatu baadaye Waingereza walitangaza matokeo ya jaribio lao la streptomisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Katika 55 waliopigwa sindano za dawa hiyo walikufa wanne kwa miezi sita. Katika 52 waliopumzishwa kitandani bila dawa walikufa kumi na wanne. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini makohozi yalipopimwa ilionekana kwamba kwa wengi wa waliotibiwa vimelea vilikuwa vimekwisha kuwa sugu. Tangu hapo ikajulikana kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja, kwa kuwa kimelea kinachoponyoka mkononi mwa dawa ya kwanza sharti kikutane na ya pili.

Elimu hiyo ilifika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950, pamoja na dawa mpya ya isoniazidi iliyoanza kutumika mwaka 1952. Isoniazidi ilikuwa nzuri na rahisi kwa bei, lakini ilihitaji mwenzake, na mwenzake wa Ulaya, aitwaye PAS, alikuwa ghali, mchungu na wa kumezwa kwa wingi kila siku. Tanganyika, Kenya na Uganda zikashirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kutafuta mwenzake wa bei nafuu. Wagonjwa walitema makohozi katika vichupa hospitalini, na vimelea vyao vikapelekwa kwa ndege hadi London, katika maabara ya Denis Mitchison, vikapimwe ni dawa gani iliyovishinda na ipi iliyoshindwa. Mwaka 1960 Pepys, Mitchison na Kinsley walichapisha uchunguzi wao juu ya usugu kwa isoniazidi na PAS miongoni mwa wagonjwa waliokuja kutibiwa katika nchi hizi. Kabla bendera ya uhuru haijapandishwa Tanganyika, makohozi ya watu wake yalikuwa yamekwisha kuingia katika hesabu ya kimataifa.

Sikitaji kipindi hicho bila kukumbuka safari nyingine. Mwaka 1954, katika muongo ule ule wa vichupa vya makohozi, Gavana Twining alilirudisha Kalenga, karibu na Iringa, fuvu lililotambuliwa kuwa la Mkwawa, Mtwa wa Wahehe. Mkwawa alikufa mwaka 1898, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe katika muda wa miezi sita. Miezi sita hiyo ilikuwa miaka thelathini na mitano. Silinganishi shujaa na makohozi; nasema tu kwamba watu wa Iringa wana sababu ya kujua, kuliko watu wengi, kwamba kutoka kwa kitu ni jambo moja na kurudi kwake ni jambo jingine, na kwamba ahadi iliyoandikwa katika mkataba haina miguu.

Haki itendeke lakini: hesabu ya London ilirudi. Mwenzake wa isoniazidi alipatikana, akaitwa thiasetazoni. Dawa hizo mbili zikatiwa katika kidonge kimoja cha bei ndogo, na kwa miaka mingi kidonge hicho kilikuwa nguzo ya tiba katika nchi maskini. Baadaye, UKIMWI ulipoingia, thiasetazoni ilionekana kuwachubua vibaya ngozi wenye ugonjwa huo, nayo ikaachwa. Mwaka 1975 ulichapishwa uchunguzi wa usugu wa kifua kikuu uliochukua sampuli katika Tanzania nzima. Hata hivyo, yafaa tuone mpango ulivyokuwa: kichupa kilitoka huku, akili ya kukisoma ilikuwa kule. Mganga wa wilaya alikuwa mpelekaji na mpokeaji, bado hajawa msomaji.

Mwaka 1977 mambo mawili yalitokea Tanzania ambayo, yakiwekwa pamoja, yanatufundisha kuliko vitabu vingi.

La kwanza ni kuanzishwa kwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkubwa alikuwa Karel Styblo, tabibu mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi. Styblo hakuleta dawa tu, alileta daftari. Kila mgonjwa aliandikwa siku ya kuanza, na mratibu wa wilaya alitakiwa kueleza kila robo ya mwaka wagonjwa wale wale walikuwa wameishia wapi: nani amepona, nani amekufa, nani ametoroka dawa, nani makohozi yake yangali na vimelea. Hesabu ilikwenda mkoani na taifani, kisha wakaguzi wakarudi nayo wilayani kuuliza sababu. Dawa kali ya rifampisini, iliyofupisha tiba, ililindwa kwa kumezwa mbele ya macho ya mhudumu. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya ulimwengu, mfano uliochukuliwa na kupewa jina la DOTS ulikuwa umejaribiwa katika wilaya za Tanzania. Mwaka 1994 Shirika hilo na Umoja wa Kimataifa wa kupambana na kifua kikuu walianzisha mradi wa kuhesabu usugu duniani, na taarifa yao ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Tanzania ilipofanya uchunguzi wake katika miaka ya 2006 na 2007, wagonjwa wapya waliokutwa na kifua kikuu sugu kwa dawa zote mbili kubwa walikuwa karibu mmoja tu katika mia. Katika nchi nyingi tajiri kuliko yetu hali ilikuwa mbaya zaidi. Daftari lilikuwa limezaa matunda.

La pili ni kipindupindu. Mlipuko wa nne wa ugonjwa huo Tanzania ulianza Oktoba 1977. Watu walitishika, nao walikuwa na haki ya kutishika. Tetrasaiklini ikagawiwa kwa wingi, si kwa wagonjwa peke yao bali hata kwa wazima, kuwa kinga. Mwanzoni vimelea vyote viliisikia dawa. Wataalamu wa Muhimbili, Fred Mhalu na wenzake, waliendelea kuvipima mwezi hata mwezi, na mwaka 1979 walichapisha waliyoyaona: baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Miezi mitano! Mahindi yaliyopandwa Ismani siku ya kwanza ya kugawa dawa yasingalikuwa bado yamekauka ghalani. Habari hiyo hutajwa mpaka leo katika mafundisho ya dunia, kuwa onyo dhidi ya kugawa antibayotiki kama peremende.

Tazama tofauti, msomaji. Nchi ilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja. Palipokuwa na daftari lililorudi kwa mgawaji dawa, dawa ilidumu miaka. Palipokuwa na hofu na mkono mkunjufu, dawa ilikwisha nguvu kabla ya mwaka kugeuka. Na tazama pia kwamba mara hii waliohesabu walikuwa wetu, katika maabara yetu. Usomaji ulikuwa umeanza kuhamia nyumbani.

Mfano wa tatu si wa bakteria bali wa kijidudu cha malaria, lakini nautaja kwa kuwa ulitokea katika mkoa wa Mbeya na kwa kuwa unaonyesha jambo ambalo mifano ile miwili haikuonyesha. Kyela ni bonde la mpunga na kokoa chini ya milima ya Rungwe, mpakani na Malawi. Mwaka 1993 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuiacha klorokwini, baada ya kuona kwamba haiponyi tena. Vijidudu havijui mto Songwe kuwa ni mpaka. Mwaka 1997 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda mtandao wa kupima kwa kanuni moja nguvu ya dawa za malaria, na Kyela ikawa miongoni mwa vituo vya Tanzania. Watoto wenye homa walitibiwa na kufuatiliwa siku kwa siku. Na majibu ya vituo vyote yalipojumlishwa ilionekana kwamba klorokwini ilikuwa ikishindwa, kwa wastani, karibu mara moja katika kila mara mbili. Mwaka 2001 taifa liliiacha. Hapa hesabu ilifanya kazi yake yote: ilitoka kitandani mwa mtoto, ikafika mezani mwa waziri, ikarudi kwa mtoto kwa sura ya dawa nyingine. Na Malawi ikatupa faraja ya ziada. Miaka kama kumi na miwili baada ya kuiacha klorokwini, vijidudu vya huko vilionekana tena kuitii. Usugu, basi, si mauti. Kimelea kisichopigwa kwa silaha fulani husahau kujikinga nayo, ijapokuwa si vimelea vyote vyenye usahaulifu huo.

Sasa tupande kutoka Kyela tuingie mjini Mbeya, chini ya mlima Loleza. Tangu miaka ya 1990 hospitali ya rufaa ya huko imekuwa jirani ya kituo cha utafiti kilichoanza kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich, ambacho leo ni kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Wagonjwa wa Mbeya walishiriki katika jaribio kubwa la kimataifa la kufupisha tiba ya kifua kikuu kutoka miezi sita hadi minne kwa moksifloksasini, lililowahusu wagonjwa 1,931. Matokeo yake yalitoka mwaka 2014: njia fupi haikuweza kushika mahali pa ndefu. Watu hudhani kwamba jaribio lililoshindwa ni hasara. Mimi naona kwamba wagonjwa wale waliwaokoa wenzao wa dunia nzima na tiba pungufu, ambayo ndiyo mama wa usugu. Kadhalika, mwaka 2011 watafiti wa Mbeya walichapisha majaribio yao ya mashine iitwayo Xpert, ambayo kwa muda wa saa mbili huonyesha kama makohozi yana kifua kikuu na kama kimelea chake ni sugu kwa rifampisini. Zamani kimelea kiliachwa kiote majuma kadhaa, na katika siku za vichupa vya London palikuwa na safari ya ndege juu yake. Mganga wa Mbeya amekuwa msomaji.

Kwa bakteria wengine wa kila siku, wa mkojo, vidonda, damu na matumbo, dunia ilichelewa. Mwaka 2015 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa kukabili usugu, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaanzisha mfumo uitwao GLASS, ambamo kila nchi huleta hesabu zake zilizopimwa kwa kanuni moja. Tanzania ilitunga mpango wa taifa wa miaka 2017 hadi 2022, ukifuatwa na wa 2023 hadi 2028, yote ikiwahusu wanadamu, mifugo na mazingira. Uchunguzi mkubwa uliokadiria vifo vya dunia ulitangaza mwaka 2022 kwamba usugu wa bakteria ulikuwa sababu hasa ya vifo milioni 1.27 katika mwaka 2019, na kwamba Afrika ya kusini ya Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Tanzania, Kenya, Uganda na Uingereza walifanya kazi waliyoipa jina la Kiswahili, HATUA. Kwa Tanzania walichagua mikoa mitatu: Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya. Katika nchi zote tatu waliwapima wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za ugonjwa wa njia ya mkojo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika Tanzania zaidi ya nusu ya vimelea vilivyopatikana vilikuwa sugu kwa makundi matatu ya dawa au zaidi. Niliposoma hayo niliitoa ile karatasi ya mama yenye R saba nikaitazama upya. Nilikuwa nimedhani kwamba alipatwa na bahati mbaya. Kumbe alikuwa mtu wa kawaida.

Lakini mwanafunzi wa historia asiiamini hesabu kwa sababu tu ina tarakimu. Nani hupimwa? Katika uchunguzi kama HATUA wagonjwa hutafutwa kwa mpango. Lakini katika kazi ya kila siku hupelekwa maabara yule ambaye dawa mbili tatu zimekwisha kumshinda, naye awe ameweza kufika hospitali yenye maabara ya kuotesha bakteria, ambazo si nyingi. Aliyepona kwa kidonge cha kwanza haandikwi, wala aliyekufa Makete au Kilolo pasipo kupimwa haandikwi. Basi picha inayofika Geneva ni ya watu wa katikati: ina usugu mwingi kuliko ulivyo miongoni mwa wagonjwa wote, na vifo vichache kuliko vilivyo. Si uongo, ila ni dirisha moja la nyumba kubwa.

Tena, nani hulipa? Maabara za kupima usugu katika nchi nyingi maskini zilisaidiwa na mfuko wa Waingereza wenye jina la Fleming, ulioanzishwa mwaka 2015 kwa paundi milioni 265. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuukomesha. Hiyo ni haki yao. Fedha ni zao. Lakini kijana wa maabara aliyenifahamisha njia ya karatasi ya mama huhitaji vyakula vya kuoteshea bakteria kila juma, na vyakula hivyo havingoji mkutano. Septemba 2024 mataifa yalikutana New York yakaahidi kupunguza kwa asilimia kumi vifo vyenye kuhusiana na usugu ifikapo mwaka 2030. Watapungua kwa kipimo gani, kama apimaye ameishiwa? Tumekwisha kuona huko Kalenga kwamba ahadi haina miguu.

Hata fedha zikipatikana, linabaki swali langu la kwanza. Nchi yetu ina maduka mengi ya dawa kuliko ina hospitali. Mwaka 2003 ulianza mkoani Ruvuma, jirani zetu, mpango mwema wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao uliwafundisha wauzaji na kuwaruhusu kuuza baadhi ya antibayotiki, kwa kuwa huko vijijini duka lilikuwa ndilo zahanati. Mpango huo baadaye ulienea nchini. Basi mahali ambapo dawa nyingi hutolewa ni kaunta ya mbao, mbele ya mtu aliyefunzwa majuma machache, mwenye hamu ya kusaidia na hofu ya kumpoteza mteja. Ndiye msomaji wa mwisho ambaye karatasi haijamfikia. Na pembeni mwa kaunta ile mna unga wa njano wa kutia katika maji ya kuku, ndugu wa damu wa ile tetrasaiklini ya mwaka 1977. Mama alikuwa akiwapa kuku wake kila walipobadilika sauti, kisha akala mayai yao.

Sisemi muuza duka afanywe mtaalamu wa maabara. Nasema Styblo alitufundisha mpango ulio rahisi: hesabu ya robo ya mwaka, iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa ukurasa mmoja, irudi wilayani ilikotoka. Iseme kwamba katika nyanda hizi, kwa ugonjwa wa mkojo, dawa hizi nne zimechoka, na hii moja ihifadhiwe. Mwenye homa ya namna hii asiuziwe, apelekwe. Tulifanya hivyo kwa kifua kikuu tukiwa maskini kuliko leo. Lugha ya kuandikia tunayo, na wasomaji wanangoja.

Tuliporudi Kihesa mama hakuitupa karatasi yake. Aliikunja akaitia katika pindo la kanga, na asubuhi moja akaniambia nimsindikize dukani. Muuzaji, mama wa makamo, alimpokea kwa "Kamwene" na kumpa kiti. Mama akaikunjua karatasi juu ya kaunta, akaeleza herufi mbili alizofundishwa. Mwenye duka aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akageuka akatazama rafu yake, dawa kwa dawa. Tano kati ya zile zenye R zilikuwa pale. Alinyamaza kidogo, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Lakini hii ni yako peke yako. Ya wengine iko wapi?"